Tulipofunga Mashine Yako Gerejini

Mwanangu Aika,

Nimekaa kwenye meza ya jikoni na tableti ya mama yako, nachapa kwa kidole kimoja. Nje bado kweupe. Wewe umekwenda Wembley kuagana na wenzako, na mama yako yuko juu anafungua tena begi lako kuhakikisha soksi nzito zimeingia. Ya soksi, ya kula vizuri, ya kupiga simu kila Jumapili, hayo nimemwachia yeye. Ameshayasema, na kesho kituoni, kabla treni ya Scotland haijaondoka, atayasema upya kama hujawahi kuyasikia. Mimi nataka kukuandikia habari za gereji. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu najua unakisoma polepole, na hii napenda uisome polepole.

Huenda hujui nilikuwa wapi siku lile boksi lilipofika. Mwilini nilikuwa kwenye kochi, mahali nilipokaa tangu nitoke hospitali. Kiharusi kilinikuta kazini Ilford, nikishusha vifurushi kwenye gari. Nilirudi nyumbani nikitembea kwa miguu yangu na tukamshukuru Mungu, lakini mkono wa kulia ulirudi nusu. Ulishika kikombe, chai ikamwagika. Ulishika ufunguo, ukakosa tundu. Kazi ya gari ikaisha. Nikawa mtu wa dirishani, nikiwatazama vijana wa vifurushi wakipita mtaani kwetu, nikiwakosoa jinsi wanavyoegesha. Mama yako alikuwa akitoka zamu hospitali ananikuta pale pale aliponiacha. Wewe ulikuwa ukinisalimia, ukapanda chumbani kusoma. Sikuwa na neno la kukupa.

Basi siku hiyo kengele ikalia, ukaenda mlangoni, ukarudi unakokota boksi kubwa sebuleni. Nikasoma maandishi ya ubavuni. Mashine ya kuchomelea. Moyo ukanipasuka kwa hasira, maana nilidhani umeninunulia zawadi ya kunihurumia.

"Nani amekwambia nataka mashine?" nikakuuliza.

"Hakuna."

"Na mkono huu utaishikaje?"

Ulinijibu kwa Kiingereza kama kawaida yako, nami nayaandika maneno yako kwa Kiswahili jinsi nilivyoyasikia. Ulisema, "Baba, siyo yako, ni yangu. Nimefanya kazi dukani Jumamosi zote nikainunua. Nataka kujifunza. Utanifundisha wewe, au niangalie video?"

Video! Nilinuna hadi jioni. Lakini usiku ule sikupata usingizi, na haikuwa kwa sababu ya hasira. Kichwani nilikuwa nimeshafika Ngarenaro.

Nilikuwa na umri kama wako nilipoanza kazi kwa Fundi Lazaro, pale Arusha. Karakana yake ilikuwa mabati upande mmoja na barabara upande wa pili. Mashine hatukununua dukani, tuliiunda. Fundi alizungusha nyaya za shaba kwa mikono yake, akazitumbukiza kwenye pipa la mafuta, na ikivuma unaisikia hata ukiwa sokoni. Tulitengeneza mageti, madirisha, majiko, fremu za vitanda vya bweni. Helmeti ilikuwa moja, ya fundi. Sisi tulifumba macho na kugeuza shingo, na jioni macho yalijaa mchanga usioonekana. Tukilala tunayafunika kwa vipande vya viazi vibichi, tunacheka kama wajinga, machozi yanatiririka. Nakwambia haya kwa sababu ndiyo maana huwa nakupigia kelele kuhusu kioo cha helmeti. Miye naona ukungu kidogo kwenye jicho moja hadi leo. Lakini nikikumbuka siku zile, sikumbuki maumivu. Nakumbuka harufu ya chuma kilichoungua asubuhi ya baridi, na chai ya rangi kwenye kopo, na Fundi Lazaro akipitisha kucha yake juu ya mshono wangu bila kusema kitu. Akinyamaza, umefaulu. Akisema, "Njiwa amepita hapa," basi ujue umeharibu, mshono wako ni matone kama kinyesi cha ndege, chukua grinda uusage uanze tena.

Mama yako alikuja pale na tranka la bati lililong'oka bawaba. Alikuwa anakwenda chuo cha uuguzi na basi lilikuwa linaondoka mchana ule. Fundi akanipa mimi. Niliichomelea ile bawaba kwa uangalifu ambao sijawahi kuupa hata geti la benki. Mwisho nikamwambia, "Dada, hii haitang'oka tena."

Akaniangalia usoni, uso wote masizi, akasema, "Iking'oka nitakurudishia."

Haikung'oka, akarudi hata hivyo. Alisema amekuja kuniambia kwamba haijang'oka. Tranka lenyewe likaja naye London, likakaa gerejini chini ya magodoro, na wewe ndiye uliyelikuta tulipoanza kusafisha. Ulipoichezesha ile bawaba ukauliza kwa nini mama yako anacheka peke yake mlangoni. Sasa unajua.

Ile kazi ya kusafisha nilikuja kama msimamizi tu, na kiti changu cha plastiki, mikono kifuani. Ulitoa kitanda chako cha utotoni, friji lililokufa, mapipa ambayo kila mwaka tunasema tutayajaza nguo na kuyatuma nyumbani. Nikaanza kuchungulia. Nikasema yale makopo ya rangi yatoke. Ukayatoa. Nikasema petroli ya mashine ya kukatia majani isikae humu hata tone. Ukaitoa. Nikasema maboksi yote ya karatasi, na lile zulia, cheche ikidondoka hapo inalala kimya halafu inaamka sisi tumeshaingia ndani kula. Ulisimama ukanitazama. Nadhani ulikuwa hujanisikia nikisema sentensi ndefu kiasi hicho kwa miezi mingi. Mimi pia sikuwa nimejisikia.

Tukaweka meza ya chuma, ile tuliyoiokota kwa jirani aliyekuwa anahama. Tukafunga jiriwa pembeni, ile ya kubana chuma. Ukaiweka mashine juu ya kigari, nyekundu, ndogo, safi, haina hata mkwaruzo. Moyoni nilisema hii ni sanduku la kuchezea, haiwezi kuunganisha hata kijiko. Ukavuta ekstensheni kutoka jikoni, ile ya kuviringisha, ukaipitisha dirishani na bustanini mpaka gerejini. Nilipaswa kukukataza. Lakini sisi Ngarenaro tulikuwa tunaning'iniza nyaya kwenye nguzo kwa ndoano, kwa hiyo ekstensheni yenye plagi niliiona ni ustaarabu mkubwa.

Ukagusisha chuma. Cheche moja ikaruka, na nyumba nzima ikazima.

"Baba Aika!" mama yako aliita toka jikoni. "Mmefanya nini? Wali wangu!"

Tukawasha. Ukagusisha tena. Ikazima tena. Mama yako akatoka nje na mwiko mkononi, na sauti yake ikavuka ukuta hadi kwa jirani yetu Mzee Harish. Akaja amevaa kandambili, akasimama mlangoni mwa gereji, akaipapasa ile ekstensheni jinsi ilivyojiviringisha. Ilikuwa ya moto kama pasi.

"Baba Aika," akasema kwa kile Kiswahili chake cha Moshi, cha watoto waliocheza mtaani kabla wazazi hawajawahamishia huku, "wewe umeponea hospitali juzi, leo unataka kufa kwa waya wa jikoni?"

"Ni mashine ya mtoto," nikasema.

"Basi ndiyo mbaya zaidi."

Nilitaka kubisha. Lakini Mzee Harish amefanya kazi ya umeme London hii mpaka nywele zikamwisha, na wewe ulikuwa umesimama kati yetu unasubiri kuona baba yako ataamua nini. Nikasema, "Mzee, tuelekeze." Yalinitoka kwa shida maneno yale. Wiki iliyofuata mpwa wake mwenye leseni akaja kuvuta njia peke yake toka kwenye bodi ya umeme mpaka gerejini, na breka yake. Mzee Harish alisimama nyuma yake akimkosoa kila skrubu, na mama yako akawapa wote wawili wali. Gereji ikawa na umeme wake kama nyumba ya mtu mzima.

Halafu likaja lile la waya, ambalo hatujawahi kulizungumza vizuri.

Mimi najua vijiti vya kuchomelea. Unabana kijiti, unakwaruza, unatembea. Mashine yako inatema waya yenyewe toka mdomoni mwa mpini, na hiyo ilinitisha kidogo, ingawa sikuonyesha. Ukavaa helmeti, ukaanza. Sauti ilikuwa mbaya, kama mtu anapasua njugu. Cheche kila mahali. Uliponyanyua helmeti, juu ya chuma kulikuwa na matone yaliyotawanyika ambayo hata njiwa angeyakana.

"Ongeza moto," nikasema. Ukaongeza. Bati likatoboka.

"Punguza." Ukapunguza. Waya ukajikunja kama tambi.

Ukavua glavu, ukachukua kile kitabu cha maelekezo, ukasoma umeegemea jiriwa. "Baba, wanasema waya wa aina hii hautaki gesi, kwa hiyo nyaya mbili za humu ndani lazima zibadilishane mahali."

"Mashine imetoka kiwandani hivyo. Kiwanda hakijui?"

"Kiwanda kilidhani tutatumia mtungi wa gesi."

"Nimechomelea kabla hujazaliwa."

"Najua, Baba," ukasema, taratibu kabisa. "Lakini siyo na hii."

Aika, ungejibu kwa dharau ningeondoka, na huenda nisingerudi gerejini tena. Hukudharau, na hukurudi nyuma pia. Ulichomoa plagi ukutani kwanza, nikaliona hilo, ukafungua mlango mdogo wa ubavuni, ukazibadilisha zile nyaya, ukafunga. Ukaanza upya. Mimi sikuwa na helmeti, kwa hiyo niligeukia ukuta na kufumba macho. Nikasikia kama kitunguu kikiingia kwenye mafuta ya moto. Sauti moja, laini, isiyokatika.

Ilikuwa ile ile. Mashine ya kiwandani, waya badala ya kijiti, Kingsbury hapa kwetu badala ya Ngarenaro, na sauti ni ile ile.

Toka hapo tukapata namna yetu. Wewe mezani, mimi nimetazama ukuta, nafundisha kwa masikio. "Umekimbia. Umechelewa. Nyanyua mkono kidogo. Hapo hapo, kaa hapo hapo." Nikakwambia usiutazame mwanga, utazame lile ziwa dogo la chuma kilichoyeyuka nyuma ya mwanga, ulivute kama unavuta mtoto kwa mkono. Kwa siku nyingi ulisema hulioni. Halafu jioni moja ukasimama katikati ya mshono, ukapiga kelele ndani ya helmeti, "Nimeliona, Baba! Nimeliona ziwa!" Kwa Kiswahili. Sijui kama ulijisikia. Miaka yote nilikuwa nakuuliza kwa Kiswahili unanijibu kwa Kiingereza, nikakubali kwamba ndivyo watoto wa huku walivyo. Sikukwambia kitu, niliogopa ukitambua utaacha.

Na kuna ile siku ya helmeti. Ulinipa mpini, ukasema, "Jaribu." Ulisema kwa upendo. Nilivaa, nikashika kwa mkono wa kulia, nikausaidia na wa kushoto. Mkono ukatetemeka, waya ukagota, ukanasa. Nikajaribu tena, ukanasa tena. Nikaivua helmeti nikaibwaga sakafuni, nikatoka nje kwenye uchochoro, nikasimama karibu na mapipa ya taka kama mtu anayesubiri basi. Nilikuwa nalia, tuyaache hayo.

Nilidhani utanifuata kunibembeleza. Hukunifuata. Baada ya kitambo nikasikia kitunguu kinaingia kwenye mafuta. Ulikuwa unaendelea na kazi. Nikasikiliza, siwezi kuacha kusikiliza, nikasikia unapoharibu.

"Umekimbia!" nikapiga kelele toka kwenye mapipa.

"Njoo uone!" ukajibu.

Nikaja. Ulikuwa hujakosea, ulikimbia makusudi ili nirudi. Mpaka leo hujakiri.

Kazi yako ya kwanza kubwa ilikuwa ile reli ya kushikilia kwenye ngazi za mbele. Ulinipima nikishuka bila kuniambia, ukakata bomba, ukachomelea, ukapiga rangi nyeusi, ukaja na Mzee Harish mkaifunga ukutani. Nilikasirika tena, maana mtaa mzima ungejua kwamba mwenye nyumba hawezi kushuka ngazi zake. Nilishuka wiki nyingi bila kuigusa, nakaza shingo. Asubuhi moja kulikuwa na barafu. Mguu uliteleza, na mkono wa kulia, huu huu wa kumwaga chai, ukaikamata reli wenyewe. Ikanishika. Nilisimama pale nikaipapasa kwa kucha, kiungo hadi kiungo, nikitafuta njiwa. Sikumkuta. Sikukwambia wakati ule, kwa kuwa nilijifunza kwa fundi ambaye sifa yake ilikuwa kunyamaza. Nakwambia leo, kwa sababu unaondoka, na sasa najua kwamba ukimya unamfikia yule tu aliyesimama karibu nawe.

Hujui pia kwamba nilipofika London nilipelekwa kwenye karakana moja, si mbali na hapa. Mwenyewe aliniambia vyeti vyangu havisomeki huku, nianze kwa kufagia, atanitazama. Akanipa fagio. Niliegemeza lile fagio ukutani nikatoka, kichwa juu. Nilikuwa fundi bwana, nina mageti yangu Arusha nzima. Nikaingia kwenye vifurushi nikidhani ni ya muda. Sijutii gari lile, lilitulisha, na wewe ulilipenda. Ulikuwa unapanda mbele likizo, ukiona lile tao la uwanja wa Wembley unauliza, "Baba, nani alilichomelea lile?" Nikakujibu, "Watu." Ningeweza kukujibu vizuri zaidi. Kwa hiyo huko bandarini unakokwenda kuchomelea, penye meli na wanaume waliozoea kazi kabla hujafika, wakikupa fagio, fagia. Fagia ukitazama mikono yao. Na mtu akikwambia mshono wako mbaya, utazame mshono kwanza kabla ya kumtazama yeye. Mara nyingine atakuwa sahihi na mkorofi kwa pamoja. Akiwa mkorofi tu, bila usahihi, mwambie kama ulivyoniambia mimi, taratibu, bila kurudi nyuma.

Kuna jambo moja zaidi. Limetokea leo mchana, na mama yako hajui.

Ulipoondoka nilikwenda gerejini kuzima taa, nikakuta hujazima kitu. Mashine iko kwenye umeme, meza imefagiliwa, vipande vya chuma vimepangwa, na helmeti imelegezwa mkanda hadi saizi ya kichwa changu. Nilikaa sana kwenye kile kiti cha plastiki. Halafu nikaivaa helmeti, nikauweka mkono wa kulia mfukoni kama mtoto aliyeadhibiwa, nikashika mpini kwa wa kushoto. Mkono ambao haujawahi kufundishwa chochote, haujui grinda wala nyundo. Ulikwenda kama mlevi. Ulikimbia, ulichelewa. Lakini katikati, pafupi tu, urefu wa kidole gumba labda, niliona ziwa, na likanifuata.

Nimekiacha kipande kile kwenye jiriwa. Sijakipitishia burashi wala sijakigusa kwa grinda. Asubuhi, kabla teksi haijafika, pita gerejini peke yako ukipitishie kucha. Kama njiwa amepita, uniambie, nitaanza tena. Kama hakupita, usiseme kitu, njoo tu unywe chai.

Mimi ni baba yako, mwanafunzi mpya wa gereji yako, Kingsbury.